Kutumia seva ya takwimu ya pamoja bila kuwaangusha wenzako

Kwenye seva ya taasisi unaweza kukuta mtafiti wa maharage, mwanafunzi wa uzamili mwenye data za chai ya Mufindi, na daktari mwenye rekodi za kliniki, wote ndani ya mashine moja kwa wakati mmoja. Hawaonani. Kinachowakutanisha ni memori, na memori ikiisha haiulizi nani alianza. Ndiyo maana mwongozo huu unazungumzia memori kuliko kitu kingine chochote. Amri utazizoea ndani ya wiki moja, lakini kujua kazi yako itakula kiasi gani kabla hujaianzisha ndiko kunakomtenganisha mtumiaji mzuri na kero.

Tunachukulia seva ya Linux yenye programu za takwimu, yaani R, RStudio Server na pengine Stata, viini 32 vya prosesa na memori ya GB 128. Kama ya kwenu ni ndogo, na nyingi ni ndogo, badilisha namba tu, hesabu ni zile zile.

Kuingia

Windows 10 na 11 zina `ssh` tayari, huna haja ya kupakua programu nyingine. Fungua PowerShell uandike:

`ssh jina@anwani-ya-seva`

Mara ya kwanza utaulizwa kama unaitambua alama ya seva. Linganisha na ile aliyokupa msimamizi, kisha andika `yes`. Nywila haionekani unapoiandika, hata nyota hazitokei. Wengi hudhani kibodi imekufa. Ukikosea mara kadhaa mfululizo, seva nyingi huifungia anwani yako kwa muda, kwa hiyo baada ya kukosea mara mbili tulia, kagua Caps Lock, ndipo ujaribu tena.

Nywila ni ya kuanzia tu. Tengeneza ufunguo:

`ssh-keygen -t ed25519`

Uwekee neno la siri, kisha upeleke faili lake la `.pub`, yaani ufunguo wa wazi, kwenye seva. Kwenye Linux na Mac ni `ssh-copy-id jina@anwani-ya-seva`. Kwenye PowerShell amri hiyo haipo, tumia hii:

`type $env:USERPROFILE\.ssh\id_ed25519.pub | ssh jina@anwani-ya-seva "mkdir -p ~/.ssh && cat >> ~/.ssh/authorized_keys"`

Ukishamaliza na seva bado inadai nywila, mara nyingi tatizo ni ruhusa. Seva huupuuza ufunguo kimya kimya ikiona folda yako inaweza kuandikwa na watu wengine. Ingia kwa nywila uendeshe `chmod 700 ~/.ssh` na `chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys`.

Halafu andika faili `~/.ssh/config` kwenye kompyuta yako:

```
Host takwimu
    HostName anwani-ya-seva
    User jina
    ServerAliveInterval 60
```

Kuanzia hapo unaandika `ssh takwimu` tu. Mstari wa mwisho hutuma ishara ndogo kila sekunde 60, ili ruta isiikate laini kwa kuona hakuna kinachopita. Kwa anayeingia kwa mtandao wa simu akiwa Makete au Ileje, mstari huo unapunguza hasira nyingi.

RStudio Server hufunguliwa kwenye kivinjari, kwa kawaida mlango wa 8787. Usiombe mlango huo ufunguliwe kwa dunia nzima. Pitisha ndani ya ssh: `ssh -L 8787:localhost:8787 takwimu`, kisha kwenye kivinjari andika `http://localhost:8787`.

Memori kwanza

Viini vya prosesa vikizidiwa, mambo huwa kama foleni ya mashine ya kusaga: kila mtu anachelewa, lakini kila mtu anaondoka na unga wake. Memori ikizidiwa, mtu anapoteza kazi. Linux huchagua mchakato wa kuua ili mashine isife yote, na kwa kawaida hulenga ulioshika memori nyingi zaidi wakati huo. Si lazima uwe ule uliosababisha. Mwenzako anaweza kuwa ameshika GB 70 kihalali tangu jana. Wewe ukaja na GB 60 zako, na yeye ndiye akauawa.

Kwa hiyo kabla ya kuanza chochote kikubwa, andika `free -h`:

```
         total    used    free  shared  buff/cache  available
Mem:     125Gi    71Gi   3.1Gi   1.2Gi        51Gi       52Gi
Swap:    8.0Gi   0.4Gi   7.6Gi
```

Wageni husoma safu ya `free`, wanaona GB 3, wanakata tamaa. Safu ya kusoma ni ya mwisho, `available`. Zile GB 51 za `buff/cache` ni mafaili ambayo Linux imeyaweka karibu kwa ajili ya kasi. Itayaachia memori ikihitajika. Hapa kuna takriban GB 52 za kugawana. Ukikuta `Swap` imejaa na seva inatambaa, usianzishe kitu. Mashine tayari inatumia diski badala ya memori.

Sasa kazi yako itakula ngapi? Namba ya kawaida ya R yenye desimali huchukua baiti 8, namba kamili baiti 4. Tuchukue data ya vinasaba vya maharage: mistari 2,000 ya mbegu, alama 50,000 kwa kila mmoja, kila alama ikiwa 0, 1 au 2. Faili la CSV litakuwa kama MB 200, kwa sababu kila alama ni herufi moja na mkato. Ukilisoma kama namba kamili, ndani ya R linakuwa MB 400. Ukilisawazisha kwa `scale()`, R inatengeneza matriksi mpya ya desimali ya MB 800, na ile ya kwanza bado ipo, pamoja na nakala za katikati ambazo huzioni. Kanuni tunayoitumia ni kuzidisha kitu kikubwa kuliko vyote kwa 3. Hapo ni GB 2.4, na hiyo haitishi.

Kinachotisha ni vitu vinavyokua kwa mraba. Matriksi ya uhusiano kati ya mistari 2,000 ni 2,000 × 2,000 × 8, yaani MB 32. Mradi ukifika mistari 20,000, matriksi ile ile inakuwa GB 3.2, na kuigeuza kinyume kunachukua muda wa takriban mara 1,000. Wengi hujaribu kwa asilimia 10 ya data, wanaona sekunde 5, wanazidisha kwa 10. Hesabu hiyo ni sahihi kwa kusoma faili na kujumlisha safu. Kwa matriksi za uhusiano, modeli za umbali kati ya mashamba au jambo lolote linalolinganisha kila kitu na kila kitu, imepotoka vibaya. Jaribu kwa ukubwa mitatu, tuseme 500, 1,000 na 2,000, uone mkunjo wenyewe.

Kipimo cha kuaminika ni hiki:

`/usr/bin/time -v Rscript jaribio.R`

Andika njia kamili, maana `time` ya kawaida ya terminali haiielewi `-v`. Mwishoni tafuta mstari wa `Maximum resident set size`. Umeandikwa kwa kilobaiti. Ndicho kilele cha memori, na kilele ndicho kinachoua. Kumbuka tu kwamba namba hiyo ni ya mchakato mmoja: skripti ikizaa wafanyakazi wa pembeni, jumla yao haimo.

Ukishajua kilele, jifunge mwenyewe. Kama unatarajia GB 30, weka ukomo wa GB 40 kwenye terminali hiyo kabla ya kuendesha:

`ulimit -v 41943040`

Ukomo unahesabiwa kwa kilobaiti na unahusu terminali hiyo tu pamoja na kazi zinazoanzia humo. Makadirio yako yakiwa na kosa, R itasimama na ujumbe wa `cannot allocate vector of size`, utaumia peke yako, na mwenzako hatajua kuna kitu kilitokea. Hakuna adabu ya seva inayozidi hiyo kwa mstari mmoja.

Kuna ulaji mwingine wa memori usioonekana: kipindi cha RStudio kilichoachwa. Kufunga ukurasa wa kivinjari hakuzimi R. Data yako ya GB 15 inaweza kubaki imekaa mle Ijumaa hadi Jumatatu bila mtu kuigusa. Zima kwa kitufe chekundu cha kuwasha na kuzima kilicho juu kulia, au andika `q("no")`. Nenda pia Tools, Global Options, General: ondoa tiki ya kurejesha `.RData`, na kwenye kuhifadhi wakati wa kutoka chagua `Never`. Usipofanya hivyo, kila ukiingia RStudio itajaribu kupakia kila kitu ulichowahi kukiacha, na siku moja itazunguka tu bila kufunguka. Ikikufika hiyo, ingia kwa ssh uendeshe `mv ~/.RData ~/zamani.RData`, itafunguka.

Viini, na nyuzi zinazojizidisha

Mafunzo mengi ya R mtandaoni yana mstari `detectCores() - 1`. Umeandikwa kwa ajili ya laptopu ya mtu mmoja. Kwenye seva ya pamoja unamaanisha viini 31 kati ya 32 ni vyako. Andika namba mwenyewe: `mc.cores = 8` inatosha watu wengi, na 4 inatosha modeli ya Stan (programu ya modeli za Kibayesi) yenye minyororo minne, kwa kuwa kila mnyororo hutumia kiini kimoja na kiini cha tano hakina kazi.

Kosa gumu kuliona ni hili. Maktaba za hesabu za matriksi, kama OpenBLAS, nazo hugawa kazi zenyewe kwenye viini bila kukuambia. Umeweka wafanyakazi 8, kila mmoja anafungua nyuzi (threads, mikondo ya kazi ndani ya programu moja) 32, sasa kuna nyuzi 256 zinazogombea viini 32. Kazi inaweza kwenda polepole kuliko ungetumia kiini kimoja, na kila mtu anateseka nawe. Kabla ya kuanzisha R andika:

```
export OMP_NUM_THREADS=1
export OPENBLAS_NUM_THREADS=1
```

Kama kazi yako ni matriksi moja kubwa bila wafanyakazi wa pembeni, fanya kinyume: acha wafanyakazi, ipe maktaba nyuzi 8. Chagua moja kati ya hizo, usichanganye. Pakeji ya `data.table` nayo huchukua nusu ya viini kwa kawaida yake. Ipunguze kwa `setDTthreads(4)`.

Jambo la memori halituachi hata hapa. `mclapply` huzaa wafanyakazi wanaotazama data ile ile ya mzazi bila kuinakili, mpaka waibadilishe. `makeCluster` ya kawaida hufungua R mpya tupu, na data hutumwa nzima kwa kila mmoja: matriksi ya MB 800 kwa wafanyakazi 8 ni GB 6.4 kabla hujahesabu chochote. Kwenye Linux tumia `mclapply`, lakini ndani ya skripti inayoendeshwa kwa `Rscript`, si ndani ya RStudio, ambako inaweza kugandisha au kuangusha kipindi kizima. Ukitaka namba za bahati zirudi zile zile ukirudia, weka `RNGkind("L'Ecuyer-CMRG")` kabla ya `set.seed()`, na usibadilishe idadi ya wafanyakazi kati ya mara moja na nyingine.

Fungua `htop` utazame. Juu kuna mistari ya viini na `Load average`. Kwenye viini 32, namba ya 20 ni salama. Ya 60 maana yake watu wanasubiriana. Kazi isiyo na haraka ianze na `nice -n 10`, ili iwapishe wengine. Usiku, seva ikiwa tupu, itakwenda kwa kasi ile ile kama isingekuwa na `nice`, kwa hiyo hupotezi kitu.

Kwa Stata mambo ni mafupi. `stata-mp -b do uchambuzi.do` huendesha faili lote na kuacha `uchambuzi.log` kwenye folda uliyopo. `set processors 4` hupunguza viini. Leseni ya mtandao ina viti vya kuhesabu; ukiacha dirisha wazi ukaenda kula, umekalia kiti cha mtu.

Kazi ndefu, mtandao na umeme

Kazi inayozidi dakika kumi iendeshwe ndani ya `tmux`, programu inayoiacha terminali yako hai kwenye seva hata ukiondoka. Bila hiyo, laini ikikatika terminali inakufa na R inakufa nayo.

```
tmux new -s viazi
nice -n 10 Rscript uchambuzi.R > uchambuzi.log 2>&1
```

Bonyeza Ctrl-b, achia, kisha d. Umetoka, kazi inaendelea. Zima laptopu, nenda nyumbani. Kesho `tmux attach -t viazi` inakurudisha palepale. `tmux ls` inaorodhesha ulizoziacha, na ukikuta tano za mwezi uliopita, zifunge. Kufuatilia bila kuingia ndani: `tail -f uchambuzi.log`.

Lakini `tmux` inakinga dhidi ya mtandao tu. Seva ikizimika, nayo inazimika. Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi na mvua hufanya umeme usitabirike, na UPS (betri ya akiba) ya chumba cha seva kwa kawaida ni ya dakika chache, za kuzima mashine kwa utaratibu. Haikupi usiku mzima. Kwa hiyo skripti iandikwe kana kwamba itakatwa. Gawa kazi vipande, hifadhi kila kipande kikiisha, na ukirudia iruke vilivyokwisha:

```
dir.create("matokeo", showWarnings = FALSE)
vituo <- c("uyole", "mbozi", "makete", "mufindi")
for (k in vituo) {
  lengo <- file.path("matokeo", paste0(k, ".rds"))
  if (file.exists(lengo)) next
  m <- chambua(k)
  muda <- paste0(lengo, ".muda")
  saveRDS(m, muda)
  file.rename(muda, lengo)
  cat(format(Sys.time()), k, "tayari\n")
}
```

Hapo `chambua` ni kazi yako mwenyewe. Angalia mistari mitatu yenye `muda`. Ukihifadhi moja kwa moja kwenye `makete.rds` na umeme ukatike katikati ya kuandika, faili litakuwepo lakini nusu. Ukirudia, skripti italiona, itadhani Makete imekwisha, itaruka. Utagundua wiki mbili baadaye unapokusanya matokeo. Kwa kuandika kwenye jina la muda na kulibadilisha mwishoni, jina halisi hutokea pale tu kuandika kulipokwisha. Ukubwa wa kipande uwe kama nusu saa hadi saa moja ya kazi. Zaidi ya hapo unapoteza mengi, chini sana unaijaza diski mafaili madogo.

Kuhusu saa: andika `date` uone seva inafuata saa ipi. Nyingi zimewekwa UTC, ambayo iko nyuma ya Tanzania kwa saa 3. Mstari wa logi wenye 19:00 ni saa nne usiku kwetu. Na mnapogawana zamu za usiku, andikeni kwa mtindo wa saa 24. “Naanza saa nne” kumewahi kusomwa 04:00, 10:00 na 22:00 kwenye kundi moja la WhatsApp, kila mmoja akiwa na sababu zake.

Kuleta data

`scp` ikikatika inaanza upya. Tumia `rsync`:

`rsync -avzP data/ takwimu:/data/viazi/`

Herufi `z` inabana data njiani, jambo lenye maana kama unalipia bando. `P` inaonyesha maendeleo na kubakisha kilichokwisha kufika, ili uendelee pale ulipoishia. Ule mkwaju (`/`) baada ya `data` una maana: ukiwepo, vilivyomo ndani vinaingia `viazi`, usipokuwepo, folda yenyewe inaingia na utapata `viazi/data`. Windows haina `rsync`. WinSCP inatosha, nayo inaweza kuendeleza faili lililokatika. Kwa data muhimu linganisha alama ya faili pande zote mbili: `sha256sum faili.csv` kwenye seva, `Get-FileHash faili.csv` kwenye PowerShell.

Skripti iliyoandikwa Windows huleta matatu ya kawaida. Njia za `C:/Users/...` hazipo huku, tumia njia zinazoanzia kwenye folda ya mradi. Linux inatofautisha `Mavuno.csv` na `mavuno.csv`. Na skripti ya terminali inayolalamika `bad interpreter` ikiwa na `^M` mwishoni ina alama za mwisho wa mstari za Windows. Zitoe kwa `sed -i 's/\r$//' endesha.sh`.

La nne ni la kwetu kabisa: ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng'. Folda inayoitwa `Wanging'ombe` ukiitaja bila kuizungushia alama za nukuu, terminali inadhani umefungua nukuu, inakuonyesha `>` na kukaa kimya ikisubiri uifunge. Bonyeza Ctrl-C. Majina ya mafaili na folda yaandikwe `wangingombe`, basi. Ndani ya data ni hatari zaidi. `read.table` kwa kawaida yake huihesabu alama ya `'` kama nukuu, hivyo kutoka Wanging'ombe ya kwanza hadi ya pili mistari yote iliyo kati inaweza kumezwa kuwa neno moja. Wakati mwingine unapata onyo la `EOF within quoted string`, wakati mwingine hupati chochote ila wilaya imepungukiwa wakulima. Tumia `read.csv`, ambayo haina tabia hiyo, au weka `quote = "\""`. Kisha hesabu mistari: `wc -l` kwenye faili, `nrow()` ndani ya R, tofauti iwe 1 tu ya kichwa. Angalia pia simu za wadodosaji. Baadhi ya kibodi huandika alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, na `table(wilaya)` itakuletea Wanging'ombe mbili. Zisawazishe mapema:

`wilaya <- gsub("\u2019", "'", wilaya)`

Kwa mafaili ya mamia ya megabaiti, `data.table::fread` ndiyo ya kusomea. Faili lenye safu 50,000 litamshinda `read.csv` kwa namna ya kusikitisha.

Pakeji

Weka pakeji kwenye maktaba yako mwenyewe; `install.packages()` itakuuliza, jibu ndiyo. Usiombe `sudo`, yaani mamlaka ya msimamizi. Maktaba hiyo hufuata toleo, kwa hiyo msimamizi akihamisha R kutoka 4.3 kwenda 4.4 utakuta pakeji zote “zimepotea”. Hazijapotea, zipo kwenye folda ya toleo la zamani, ila inabidi uziweke upya. Miradi inayodumu mwaka na zaidi itumie `renv`, pakeji inayotunza matoleo ya pakeji za mradi: `renv::init()` mwanzoni, `renv::snapshot()` kila unapoongeza pakeji, `renv::restore()` kwenye mashine mpya.

CRAN, hazina kuu ya pakeji za R, huipa Linux pakeji zikiwa ghafi, zijengwe papo hapo. Kubwa kama `rstan` zinachukua muda mrefu na memori ya kutosha. Kama seva ni Ubuntu 22.04, elekeza kwenye hazina ya Posit yenye zilizokwisha jengwa:

`options(repos = c(CRAN = "https://packagemanager.posit.co/cran/__linux__/jammy/latest"))`

`sf`, pakeji ya ramani, ikikataa kwa ujumbe wa `gdal-config not found`, huna la kufanya peke yako. Mwombe msimamizi aweke GDAL, GEOS, PROJ na udunits kwa pamoja, asirudi mara nne.

Diski, ruhusa na taarifa za watu

Folda yako ya nyumbani ina kikomo, na ikijaa RStudio haifunguki. `du -sh ~/* | sort -h` inaonyesha nani kajaza. Kazi zinazotema mafaili makubwa ya muda zielekezwe kwenye diski ya data kabla ya kuanzisha R, kwa `export TMPDIR=/data/muda/jina` (folda hiyo iwepo kwanza), maana `/tmp` ikijaa inamwathiri kila mtu.

Folda ya mradi ya watu kadhaa: `chgrp viazi folda`, kisha `chmod 2770 folda`. Ile 2 ya mbele inafanya kila faili jipya lirithi kundi la mradi. Wanakikundi waweke `umask 007` kwenye `~/.bashrc`, la sivyo mmoja atatengeneza faili ambalo wenzake wanaweza kulisoma tu. `chmod 777` ni uvivu, na kwa data za wagonjwa ni kosa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023. Kwa vitendo: majina, namba za simu na za NIDA zibaki kwenye faili la funguo nje ya seva ya uchambuzi, kwenye seva yaende yenye namba za utambulisho tu. Viwianishi vya GPS vya nyumba ya mkulima navyo vinamtambulisha, hasa kwenye kitongoji cha kaya chache. Vipunguze desimali, mbili zinakupa usahihi wa takriban kilomita moja, na kwa kuunganisha na data za hali ya hewa hiyo inatosha.

Mambo yakikwama

Terminali imeganda ghafla, hakuna kinachoandikika? Huenda umebonyeza Ctrl-S kwa mazoea ya kuhifadhi. Ctrl-Q inaifungua.

Neno `Killed` peke yake, au namba ya kutoka 137, ni memori karibu kila mara. Usirudie kazi ile ile ukitumaini bahati. Rudi kwenye `/usr/bin/time -v`.

Kusimamisha kazi yako:

`ps -u $USER -o pid,etime,rss,cmd --sort=-rss`

Chukua namba ya kwanza ya mstari husika, `kill 48213`, subiri nusu dakika. `kill -9` ni ya mwisho, kwa sababu haiipi R nafasi ya kufuta mafaili yake ya muda wala kuwaaga wafanyakazi wake. Baadaye utawakuta bado wanazunguka na itabidi uwaue mmoja mmoja.

Kazi ya mwingine ikijaza seva, huwezi kuiua na hupaswi kutaka. Andika moja kwa moja kwake: “Shikamoo Dokta. Kazi namba 48213 imeshika GB 90 tangu jana jioni, bado inahitajika?” Mara nyingi jibu ni kipindi kilichosahauliwa. Na kabla ya yako kubwa, tangaza kwenye kundi: “Habari zenu wakuu. Naanza kazi ya GB 40, viini 8, leo 20:00 hadi kesho 10:00. Mwenye kazi ya haraka aniambie.” Ujumbe bila GB na muda hausaidii mtu kupanga.

Ukimwandikia msimamizi wa seva, weka amri uliyoendesha, saa, namba ya kazi, na maneno ya kosa yakiwa yamenakiliwa kama maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haitafutiki, na nusu ya kosa huwa imebaki nje ya picha.